Gesi Mbili Zilizokuwa Moja

Katika miaka ya 1850 mwanakemia wa Ulaya aliyesoma vizuri alijua kuwa ziko gesi mbili tofauti zenye kaboni na haidrojeni kwa uwiano uleule na uzito uleule. Ya kwanza waliiita methili, ya pili hidridi ya ethili. Zote mbili hazikuwa na rangi, zote ziliwaka, na mizani haikuweza kuzitenganisha. Hata hivyo vitabu vilizihesabu mbili, kwa sababu zilipatikana kwa njia mbili, na kila njia ilikuwa na mwenyewe aliyekuwa na nadharia ya kuitetea. Ilichukua miaka 15 kugundua kuwa ni gesi moja tu. Leo tunaiita ethani.

Ethani ni ya pili katika mfululizo wa alkani, yaani haidrokaboni zilizoshiba. Ya kwanza ni methani, yenye kaboni moja na haidrojeni nne. Zinafuata ethani, propani, butani, pentani na kuendelea, kila moja ikiizidi iliyoitangulia kwa kaboni moja na haidrojeni mbili. Kushiba kwake ni huku: kila kaboni ina nafasi nne za kushikana na wenzake, na nafasi zote zimejazwa, moja kwa atomu moja. Mwanafunzi wa sekondari anaukariri mfululizo huo jioni moja. Waliouandaa walizozana juu yake kwa muda mrefu kuliko umri wa wengi wao kazini.

Methani ndiyo iliyoonekana mapema. Novemba 1776 Alessandro Volta alikuwa ndani ya mashua pembeni mwa Ziwa Maggiore, kaskazini mwa Italia, akivuruga tope la chini kwa fimbo na kuyakinga mapovu kwa chupa iliyojaa maji na kupinduliwa. Hewa aliyoipata iliwaka kwa mwali wa buluu. Aliiita hewa iwakayo ya vinamasi, na akaunda kibastola cha kioo cha kuilipua kwa cheche ya umeme. Gesi hiyohiyo imejaa katika kina cha Ziwa Kivu, ambako Rwanda inaivuta na kuzalisha umeme, na ndiyo karibu gesi yote inayotoka Songo Songo, Tanzania. Volta hakujua imeundwa na nini. Dhana ya elementi kama tunavyoijua ilikuwa bado haijakaa sawa, na neno haidrojeni lenyewe lilikuwa halijatungwa.

Upande wa pili wa mfululizo, kwenye minyororo mirefu, ulifunguliwa mwaka 1830 na Karl von Reichenbach huko Blansko, Moravia. Alikuwa akichunguza lami ya mti wa Ulaya uitwao buki, akapata nta nyeupe isiyotaka kuungana na chochote: asidi haikuigusa, alkali haikuigusa. Akaiita parafini, kwa Kilatini kisichojificha, chenye maana ya kitu chenye mvuto mdogo kwa wengine. Jina lilikuja kuenezwa kwa ukoo mzima wa alkani, na wanakemia wa karne ya 19 waliziita zote parafini.

Aliyeligeuza jina hilo kuwa fedha ni James Young, mtoto wa seremala wa Glasgow. Mwaka 1850 alipata hataza ya kukamua mafuta kutoka kwenye makaa ya mawe kwa joto la polepole, na mwaka uliofuata kiwanda chake kikaanza kazi Bathgate, Uskoti. Mafuta hayo yakawasha taa za Uingereza kabla ya mafuta ya visima vya Marekani kufurika sokoni. Msomaji wa pwani yetu anamfahamu Young kwa njia nyingine, hata kama hakuwahi kulisikia jina lake. Alipokuwa msaidizi wa maabara katika Chuo cha Anderson mjini Glasgow, alifanya urafiki na kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari, David Livingstone. Fedha za parafini zilisaidia kugharimia safari za Livingstone. Susi na Chuma, walioongoza msafara uliobeba mwili wake mpaka Bagamoyo, walipokwenda Uingereza mwaka 1874, nauli alilipa Young. Walikaa kwake Uskoti, na huko wakamjengea mfano wa kibanda ambamo rafiki yake alifia.

Young alijua kuuza parafini. Parafini ni nini hasa, yaani atomu zake zimeshikanaje, hakujua, na hapakuwa na mtu aliyejua. Hapo ndipo tunarudi kwenye gesi mbili.

Hermann Kolbe, mtoto wa mchungaji wa Kijerumani, na Edward Frankland, Mwingereza aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa muuza dawa mjini Lancaster, walikutana London katikati ya miaka ya 1840, wakafanya kazi meza moja. Wote wawili waliamini nadharia ya radikali. Nadharia hiyo ilisema kuna makundi ya atomu yanayohama mazima kutoka kampaundi moja hadi nyingine, bila kuvunjika, na kwamba kemia ya vitu vyenye kaboni ni hesabu ya makundi hayo. Methili ilikuwa kundi la namna hiyo, na ethili vilevile. Ikiwa yapo kweli, mtu angeweza kuyakamata yakiwa peke yake.

Kolbe alipitisha mkondo wa umeme ndani ya myeyusho wa chumvi ya asidi ya siki, akakusanya gesi, akasema: hii hapa methili. Frankland aliiziba iodidi ya ethili pamoja na zinki ndani ya neli nene za kioo, akazipasha moto, akazifungua chini ya maji na kusema: hii hapa ethili. Kazi hiyo haikuwa ya mtu mwoga. Huko Marburg mwaka 1849, alipoyamwagia maji mabaki yaliyokuwa ndani ya neli, ulifoka mwali wa kijani na buluu wenye urefu wa futi kadhaa, na maabara ikajaa harufu mbaya. Robert Bunsen, mwenye maabara, alikuwa amepofuka jicho moja kwa mlipuko wa kampaundi za aseniki miaka ya nyuma. Akadhani ni zilezile, akamwambia kijana wa watu kwamba amekwisha kula sumu. Haikuwa aseniki. Ilikuwa kampaundi mpya kabisa za zinki na kaboni, na kuzichunguza ndiko kulikomfikisha Frankland, mwaka 1852, kwenye wazo kwamba kila elementi ina kikomo cha idadi ya atomu inazoweza kuzishika. Wazo hilo ndilo lililokuja kuitwa valensi.

Lakini kuhusu radikali, wote wawili walikuwa wamekosea. Methili haikai peke yake. Mara tu inapoachiliwa, inakutana na methili nyingine na kushikana nayo, na kaboni mbili zilizoshikana zenye haidrojeni sita ni ethani. Vivyo hivyo ethili mbili zikishikana huwa butani. Kolbe alikuwa na ethani ndani ya chupa, Frankland alikuwa na butani, na kila mmoja alibandika jina la kitu ambacho hakimo. Uzito wa gesi zao ulikuwa mara mbili ya ule waliouhitaji, na wapinzani wao waliwaambia hivyo mapema. Ila mwaka 1850 kusema mara mbili hakukuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa wanakemia hawakuwa wamekubaliana kaboni moja ina uzito wa 6 au wa 12. Kitabu kimoja kiliandika fomula hivi, kingine vile. August Kekulé, alipotoa kitabu chake mwaka 1861, aliorodhesha fomula 19 zilizopendekezwa na watu mbalimbali kwa asidi ya siki peke yake.

Kekulé alikuwa ameshatoa mwaka 1858 jambo ambalo sasa linaonekana dogo: kwamba kaboni ina nafasi nne, na kwamba kaboni inaweza kushikana na kaboni nyingine na kufanya mnyororo. Mwaka huohuo Mskoti Archibald Scott Couper alifikia wazo hilohilo, tena yeye alichora vistari vya kuonyesha nani kashikana na nani. Makala yake ilicheleweshwa Paris ikatoka baada ya ile ya Kekulé, na muda mfupi baadaye akili yake ikaugua, asirudi tena kwenye kemia. Sifa karibu zote zilikwenda kwa Kekulé. Kwa maoni yangu vistari vya Couper vilikuwa na manufaa zaidi, na ndivyo mwanafunzi anavyochora mpaka leo.

Uongo wa mnyororo au ukweli wake ulitegemea zile gesi mbili za mwanzo, methili ya Kolbe na hidridi ya ethili. Ikiwa kaboni ina nafasi nne zilizo sawa, basi kaboni mbili na haidrojeni sita zina namna moja tu ya kupangika. Fanya utakavyo kwa penseli, utarudi palepale. Kama kweli ziko gesi mbili, basi nafasi nne za kaboni si sawa, na jengo zima la Kekulé lina ufa.

Aliyelimaliza swali hilo ni mtoto mwingine wa seremala. Carl Schorlemmer alizaliwa Darmstadt mwaka 1834, akajifunza kazi ya duka la dawa, akasikiliza mihadhara ya Bunsen mjini Heidelberg, na mwaka 1859 akahamia Manchester kuwa msaidizi wa Henry Roscoe katika Chuo cha Owens. Mwaka uleule Edwin Drake alifikia mafuta ardhini kwa kuchimba kisima huko Titusville, Pennsylvania. Schorlemmer alianza kwa kukeneka mafuta mepesi ya lami ya makaa ya mawe, hatua kwa hatua kwa kiwango cha kuchemka, na akaona kuwa haidrokaboni anazopata humo zimo pia katika mafuta ya Pennsylvania. Vitu hivyo huwaka kwa kuguswa tu. Rafiki yake Friedrich Engels, aliyekuwa karani na baadaye mbia katika kiwanda cha nyuzi mjini humo, alisimulia baadaye kuwa Schorlemmer mara nyingi alifika kwake uso umevimba na kukatwakatwa, chupa imelipuka tena.

Mwaka 1864 alizichukua zote mbili, ile ya Kolbe, ambayo sasa iliitwa dimethili, na hidridi ya ethili. Aliziweka pamoja na klorini, kila moja kivyake. Klorini hung'oa haidrojeni na kukaa mahali pake. Jaribio la namna hiyo lilikuwa limeshafanywa na likaleta majibu yaliyoonekana kutofautiana, ila yeye alikuwa na subira ya kuchuja mazao mpaka yawe safi. Kutoka kwenye gesi ya kwanza alipata kloridi ya ethili. Kutoka kwenye ya pili alipata kloridi ya ethili. Kitu kilekile, chenye kuchemka palepale, karibu nyuzi 12. Gesi zilikuwa moja, nafasi nne za kaboni zilikuwa sawa, na orodha ya alkani ikapungua kwa jina moja. Schorlemmer akawa, mwaka 1874, profesa wa kwanza wa kemia ya kaboni Uingereza. Alikuwa pia mkomunisti asiyeficha. Karl Marx alipozikwa Highgate mwaka 1883, yeye alikuwa miongoni mwa watu wachache waliosimama kaburini. Engels naye aliingiza parafini katika maandishi yake ya falsafa: ongeza kaboni moja na haidrojeni mbili, tena na tena, na gesi inageuka kimiminika, kisha kimiminika kinageuka kitu kigumu, bila kuongeza kitu kigeni hata mara moja. Methani huchemka kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri, propani 42 chini ya sifuri, butani karibu na sifuri yenyewe, pentani 36, heksani 69, oktani 126.

Mfululizo ulipokuwa mmoja ulihitaji majina yanayofuatana. August Wilhelm Hofmann, Mjerumani aliyefundisha London kwa miaka 20, alikuwa mtu wa kupenda vitu vya kuonekana. Tarehe 7 Aprili 1865, katika Taasisi ya Kifalme, aliwaonyesha wasikilizaji molekuli zilizotengenezwa kwa mipira ya mchezo wa kroketi na vijiti vya chuma. Kaboni ilipakwa nyeusi, haidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, klorini kijani, na rangi hizo bado zinatumika katika maboksi ya molekuli za plastiki yanayouzwa kwa shule. Methani yake ilikuwa bapa kama msalaba mezani, kwa sababu wachache tu walikuwa wamefikiria umbo. Mwaka uliofuata alichapisha mpango wa majina. Shina la neno lingeeleza idadi ya kaboni, na irabu ya kiambishi ingeeleza ni kiasi gani cha haidrojeni kimepungua: a kwa iliyoshiba, kisha e, kisha i, kisha o, kisha u. Mpangilio mzuri mno, nao uliliwa nusu. Irabu tatu za mwanzo zilishika, mbili za mwisho hakuna aliyezitaka.

Mashina nayo yalikuwa na ukaidi wake. Hofmann alitaka baada ya propani ije kwartani, kwintani, sekstani, kwa hesabu ya Kilatini. Wenzake walikataa ya nne, kwa kuwa asidi ya siagi, yenye kaboni nne, ilishazoeleka kwa jina la siagi, na butani ikabaki na siagi yake. Meth ilitoka kwenye pombe ya mti, eth kwenye etha, prop kwenye asidi iliyohesabiwa ya kwanza kati ya asidi za mafuta. Kuanzia ya tano walihamia Kigiriki: pentani, heksani, heptani, oktani. Ya tisa, nonani, ilipenya kwa Kilatini, na ya 11 pia. Mwanafunzi anayelalamika kuwa orodha haina mantiki mpaka afike pentani analalamika kwa haki.

Kwenye butani kulikuwa na shida nyingine, kubwa kuliko ya majina ya mashina. Kaboni tatu zina mnyororo wa namna moja. Kaboni nne zina namna mbili: zote nne mstarini, au tatu mstarini na ya nne imeshikwa na ile ya katikati. Aleksandr Butlerov, profesa wa Kazan aliyekuwa pia mfugaji nyuki mashuhuri, alitabiri hivyo kwa kufuata nadharia ya muundo, kisha akaitengeneza butani ya pili kwa mikono yake mwaka 1866. Ilichemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, tofauti na nduguye. Pentani zipo tatu, heksani tano, heptani tisa, oktani 18, nonani 35, dekani 75. Mwanahisabati Arthur Cayley alizigeuza molekuli kuwa miti ya vistari mwaka 1875 akahesabu mpaka kaboni 13, na hesabu zake za 12 na 13 hazikuwa sahihi. Kwa kaboni 20 idadi ni 366,319. Molekuli nyingi kati ya hizo hakuna aliyewahi kuzitengeneza wala mwenye sababu ya kuzitengeneza, lakini kila moja inastahili jina lisilofanana na la mwenzake.

Katika hali hiyo, majina ya mazoea yalizidiwa. Isobutani ilieleweka, isopentani na neopentani pia. Baada ya hapo viambishi viliisha. Wengine waliandika trimethilimethani kwa isobutani, wakiichukulia kuwa methani iliyobadilishwa haidrojeni tatu, na waliofuata njia hiyo walikuwa na haki sawa na waliofuata nyingine.

Wiki ya Pasaka mwaka 1892, tarehe 19 hadi 22 Aprili, wanakemia 34 kutoka nchi tisa za Ulaya walikutana Geneva chini ya uenyekiti wa Charles Friedel wa Paris. Adolf von Baeyer alikuwepo, na Emil Fischer, na Stanislao Cannizzaro aliyekuwa ametuliza ugomvi wa uzito wa atomu miaka 30 kabla, na Henry Armstrong kutoka London. Walipitisha maazimio 62. Kuhusu haidrokaboni zilizoshiba walikata shauri bila kuzungukazunguka: tafuta mnyororo mrefu kuliko yote ndani ya molekuli, huo ndio unaotoa jina, matawi ni nyongeza, kaboni zihesabiwe kuanzia ncha iliyo karibu na tawi. Majina manne ya mwanzo yaliachwa na ukale wake. Isobutani ya Butlerov ikawa methilipropani. Jambo lililobadilika ni kubwa: tangu siku hizo mtu asiyewahi kukiona kitu angeweza kukichora kwa kusoma jina lake, na mwenye mchoro angeweza kulitunga jina bila kumwuliza aliyekigundua.

Schorlemmer hakuwa Geneva. Alikuwa mgonjwa Manchester, na tarehe 27 Juni mwaka huo akafariki. Engels alisafiri kwenda kumzika.

Kazi ya majina iliendelea polepole. Umoja wa kimataifa wa wanakemia uliundwa mwaka 1919, na tume yake ikapitisha kanuni mpya mjini Liège mwaka 1930, zikilegeza baadhi ya makali ya Geneva. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, toleo kubwa la mwisho likiwa la 2013. Msingi wa mnyororo na tawi haujaguswa.

Wakati huohuo wenye magari walikuwa na shida yao. Injini ziligonga pale petroli ilipowaka kabla ya wakati, na kila kampuni ilipima ubaya huo kwa namna yake. Mwaka 1926 Mmarekani Graham Edgar alipendekeza kipimo kwa kutumia alkani mbili. Sifuri ilikuwa heptani ya mnyororo ulionyooka, ambayo hugonga vibaya, nayo ilipatikana ikiwa safi ajabu kutoka kwenye utomvu wa msonobari mmoja wa California. Mia ilikuwa alkani aliyoitengeneza maabara, yenye kaboni nane na matawi mengi, ambayo haigongi. Petroli ya 95 ni ile inayofanya injini iende sawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za hiyo ya pili na tano za heptani.

Chora alkani hiyo ya pili. Mnyororo mrefu kuliko yote una kaboni tano, basi ni pentani. Ina matawi matatu ya methili, mawili kwenye kaboni moja na la tatu peke yake. Ukihesabu kutoka ncha moja matawi yanakaa kwenye 2, 2 na 4. Ukihesabu kutoka ncha ya pili yanakaa kwenye 2, 4 na 4. Zinachukuliwa namba ndogo, na jina ni 2,2,4-trimethilipentani. Biashara ya mafuta iliiita isooktani, jina ambalo kwa mazoea ya zamani ni la molekuli nyingine, 2-methiliheptani, yenye tawi moja tu karibu na ncha. Na oktani yenyewe, ile ya kaboni nane zilizonyooka ambayo kipimo kizima kimeazima jina lake, inagonga vibaya kuliko heptani: kwenye kipimo hicho iko chini ya sifuri.